Abiria wa Bwana Nyama

Jina lake nalijua, na kila aliyekaa upande wetu huu wa Mitole miaka ile analijua, lakini sitaliandika. Hata alipokuwa hapa hatukulitumia. Alikuwa Bwana Nyama, kama walivyoitwa wote waliomtangulia kwenye kazi ile: mtu anayepewa bunduki na pikipiki, ili tembo wakiingia shambani, au mamba akizoea mahali watu wanapochota maji, aitwe yeye. Kazaliwa wapi na kazaliwa na nani, hayo waulizwe ndugu zake. Mimi nilikuwa jirani. Ua wangu na wake uligawanywa na uzio wa makuti, na makuti hayazuii sauti. Elimu yangu ni ya darasa la saba, naandika kwa kufuta na kurudia, na kama kuna mahali nimempunguzia au nimemwongezea, sikukusudia.

Watu wakimtaja huanza na bunduki, nami sina pengine pa kuanzia.

Nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba bunduki huvaliwa begani na habari inaishia hapo. Siku moja nilimkuta uani amechuchumaa anapaka mnyororo wa pikipiki mafuta, nikamuuliza kwa nini yeye haivai kama askari tunaowaona barabarani. Alifurahi kuulizwa. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mama Zuhura," akasema, "ukiivaa mgongoni, siku ukianguka inakuvunja uti wa mgongo. Na hii mikorosho yenu ina matawi ya chini, tawi likiukamata mkanda limekushusha. Ukiivaa kifuani, usukani haukati kona, na mdomo wake unamwangalia kila mnayepishana. Ukiilaza juu ya tangi, inamwangalia mtoto wa watu kando ya njia. Kwenye pikipiki bunduki haina pa kukaa ambapo haimwangalii mtu."

Akafuta mikono.

"Labda chini. Bora iangalie ardhi."

Yeye alikuwa ameitengenezea mahali pake. Alichukua bomba la plastiki, lile nene la maji, akalikata kwa kipimo, akalivisha blanketi kwa ndani, na kule mwisho akaliziba kwa kipande cha kandambili ili vumbi lisiingie. Bomba hilo alilifunga ubavuni mwa pikipiki, upande wa kushoto, limelala kwa mshazari kutoka kwenye keria kwenda chini nyuma. Bunduki iliingia humo mdomo ukitazama barabara, kitako kikichungulia juu nyuma ya paja lake. Ndani haikuwa na risasi. Ile bolti, yaani chuma cha kusukumia risasi, aliichomoa kabisa akaiweka mfuko wa shati wenye kifungo. Risasi zilikaa kwenye kimfuko cha kitambaa kiunoni.

"Huyu ni abiria wangu," alizoea kusema akikipiga kofi kile kitako. "Halipi nauli, hashukuru, na sitaki aongee njiani."

Nisije nikaeleweka kwamba alikuwa mzito. Alikuwa na mazoezi. Asubuhi nyingi, kabla hajaenda popote, alizunguka nyumba kwa pikipiki, akasimama mbele ya mlango, akashuka, akachomoa bunduki, akatia bolti, akaiinua, yote hayo bila risasi na bila neno. Mke wake alikaa kizingitini akimenya muhogo. Kila mara aliinua kichwa na kumwambia:

"Umechelewa. Nimeshaliwa."

"Kwa wapi? Sijamaliza kupumua hata pumzi moja."

"Na mimi sijamaliza kuliwa, umebaki mguu huu mbovu. Hawautaki."

Wakacheka. Mimi kule kwenye makuti nikacheka pia, nao wakajua nipo. Nilimwona kwa macho yangu, na naandika kama nilivyoona: alikuwa mwepesi mno.

Huo mguu mbovu ndio uliolizaa bomba. Mke wake mwenyewe ndiye aliyenisimulia, mume akiwepo, na mume aliposikia simulizi inaanza akainuka akaenda kutafuta kitu nyuma ya nyumba. Walikuwa bado wanakaa Nyangamara, kazi ni mpya, na yeye aliivaa bunduki begani kama wenzake, risasi ikiwa ndani tayari, kwa sababu aliambiwa mnyama hasubiri. Alikuwa amempakia mkewe kumpeleka kwa mama yake. Kwenye mchanga mwingi tairi la mbele likakataa, wakalala wote wawili, na bunduki ikajisemea yenyewe. Risasi ilipita chini ya goti la mwanamke. Mguu haukukatwa, lakini haukurudi kuwa mguu.

"Kwa hiyo mnyama wa kwanza kumpiga katika ajira yake ni mimi," alisema yule dada, na akacheka peke yake, maana mimi sikuweza.

Kutoka siku hiyo hakuwahi tena kuiweka risasi ndani akiwa juu ya pikipiki. Nilimsikia akiapa hivyo mbele ya vijana wa kijiweni waliokuwa wakimchokoza. Wao walisema bunduki iliyofungwa ni fimbo. Akawajibu kwamba fimbo haijamtoboa mke wa mtu.

Mtu huyu aliyeishi kwa bunduki hakuweza kuchinja kuku. Sikuamini mpaka nilipoona. Alikuja kwetu amempakata jogoo kama mtoto mchanga, anamfunika macho kwa kiganja, akamtafuta kaka yangu. Kaka ndiye aliyemchinjia kuku wote, na kila mara alimtoza utani.

"Bwana Nyama anaogopa nyama!"

"Siogopi. Ananiangalia sana kwa haya macho yake."

"Na tembo je, yeye anafumba?"

"Tembo nipo naye mbali, shemeji."

Alimwita shemeji ingawa hawakuoleana popote, na kaka akaitika. Walipendana kwa namna hiyo ya kuzozana. Kaka alikuwa mtu wa sauti kubwa, mikorosho yake alikuwa akiisemesha kama watu, na alikuwa na mke na wadogo wanaomtegemea. Ndiye aliyekuwa mkubwa wetu tangu baba alipofariki.

Kuna jambo jingine, na hili nimelifikiria kuliko yote. Mtu yule aliyekuwa mgumu kama jiwe kwa habari ya bunduki, kwa watu alikuwa uji. Kwetu huku mwenye chombo haendi mtupu. Pikipiki ikipita na keria haina kitu, watu husema mwenyewe ana roho mbaya, na wakisema hivyo hawatakusahau. Basi yeye alibeba. Mkeka wa mtu, dumu la mafuta ya taa, mbegu, kuku waliofungwa miguu, hata godoro moja nililiona likipepea nyuma yake kama bendera. Waliomwajiri walimkataza: mwenye bunduki asibebe abiria wala mzigo wa watu. Aliniambia mwenyewe, tena akicheka.

"Wao hawapiti njia hizi wakasimamishwa na bibi mwenye gunia."

"Si uwaambie huwezi?"

"Nawaambia, Mama Zuhura. Nawaambia siwezi. Halafu nawaona nyuso zao, nasema, haya lete."

Alifunga mizigo kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu za matairi, kama wafanyavyo wote. Na alikuwa akifunga kwa nguvu, mpaka mzigo unalia, kwa sababu njia zetu ni mbovu na kitu cha mtu kikidondoka njiani utakipata wapi. Yote mawili yalitoka kwenye tabia moja, bomba na mizigo. Hakutaka mtu apate hasara kwa ajili yake. Hivyo ndivyo ninavyoona. Naweza kuwa nimekosea.

Mara nyingi alifika jambo limekwisha. Hilo lisifichwe. Eneo lake lilikuwa kubwa kuliko pikipiki, na tembo wa kwetu hawaji mahali pamoja. Alipigiwa simu huku wakati yupo kule, akaja huku wakati kule wanapiga tena. Alifika shamba limelala chini, mahindi yamekanyagwa na mihogo imeng'olewa, akashuka, akavua kofia ngumu, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo kama aliyefika msibani.

"Nimekuja kuona," ndivyo alivyosema. Kila mara maneno hayo.

Bibi mmoja alimjibu mbele ya watu, "Kuona na mimi naona, mwanangu. Nionyeshe mahindi."

Aliinamisha kichwa akatembea shamba zima, nyayo kwa nyayo, kana kwamba kwa kulitembea lote atapunguza kitu. Sijawahi kumwona akimkasirikia mtu kwa matusi ya namna hiyo, na alitukanwa sana. Jioni za siku hizo mazungumzo kule kwake yalikuwa machache, na mkewe hakutania.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa nikipazunguka.

Ilikuwa mwisho wa masika, mvua za kuagana. Kaka alilala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunachokijenga shambani ili kulinda mahindi. Asubuhi nikampelekea uji. Kabla sijafika bondeni nikasikia anapiga debe, na nilipotokeza nikamwona tembo. Ni dume, yupo peke yake, wenzake wameshaondoka na giza. Amesimama chini ya dungu lenyewe na kujisugua kwenye nguzo, na dungu lote linacheza.

"Mtafute shemeji!" kaka akaniita kutoka juu. "Mwambie mgeni wake amekuja!"

Alikuwa bado anatania. Niliacha uji pale, nikakimbia kwenye kilima ambako simu hushika. Bwana Nyama akapokea mara moja.

"Nipo njiani, nakuja huko huko," akasema. "Nisubiri barabarani unionyeshe njia ya kuingilia."

Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo amewahi. Kwa mara ya kwanza amewahi.

Sikujiuliza kwa nini tayari alikuwa njiani. Alipofika nikapanda nyuma yake, na mgongo wangu ukaegemea mfuko. Ulikuwa mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya kupuliza mikorosho. Ulikuwa umelazwa kwenye keria kwa upana, upande mmoja umening'inia juu ya bomba la bunduki, na mipira imeuzunguka mfuko, bomba na kitako cha bunduki kwa pamoja. Salfa ya kaka. Alikuwa amemwomba amchukulie mjini, na siku ile Bwana Nyama alikuwa anamletea.

Tulisimama pembezoni mwa shamba. Kutoka pale dungu lilionekana lote. Kaka alipoona kofia ngumu akasimama wima kule juu, akanyoosha mikono.

"Bwana Nyama! Kuku wako huyu hapa! Leo chinja mwenyewe!"

"Kaa chini, shemeji! Usicheze!"

Alishuka akaushika mpira. Mipira ilikuwa imelowa mvua na kunywa mchanga wa njiani, na fundo lilikuwa limejikaza likawa gumu. Akalivuta, halikuvutika. Akatia kucha. Mimi nikavuta mfuko, nao kwa kuvutwa ukazidi kulikaza fundo, akaniambia niache. Akapiga honi kwa nguvu, tembo hakugeuza hata sikio. Akarudi kwenye fundo.

"Umefika au hujafika?" kaka akauliza. Sauti sasa ilikuwa nyingine.

"Nimefika!"

"Piga basi!"

"Nafungua!"

Nguzo moja ikavunjika. Ilisikika kama mtu aliyepasua kuni.

"Piga, ndugu yangu!"

"Nafungua!"

Alikuwa ameinama anauma mpira kwa meno. Nilimwona vizuri kwa sababu nilikuwa karibu yake kama hivi nilivyo karibu na meza. Baadaye walisema alitetemeka. Mikono yake haikutetemeka, ilifanya kazi. Mpira ulipokatika mfuko ulianguka ukapasuka, salfa ikaruka njano juu yetu. Kutoka hapo alikuwa kama kwenye mazoezi: bunduki nje, bolti, risasi, bega. Sikuwahi kumwona mwepesi namna ile.

Lakini dungu lilikuwa tayari chini, na tembo na kaka walikuwa mahali pamoja. Hakuweza kumlenga mmoja bila mwingine. Akapiga hewani.

Tembo aliinua masikio, akageuka, akaondoka bondeni kwa mwendo wa kawaida, kama mtu aliyeitwa nyumbani. Mlio mmoja tu. Hilo ndilo lisiloniachia. Hakuhitaji risasi yule, alihitaji mlio.

Siku ya mazishi Bwana Nyama alichimba kaburi na wanaume wenzake. Mikono yake ilikuwa imeoshwa, lakini kwenye kucha na kwenye mikunjo ya vidole ile njano ilikuwa bado ipo.

Wakubwa wake walikuja, ukaitishwa mkutano. Watu walisema mengi. Walisema amezoea kuchelewa. Walisema ni mwoga, alimwacha mtu afe ili asimsogelee mnyama. Vijana walikuwa wameshaanza kuiga sauti yake kijiweni, "Nafungua! Nafungua!", na hata pale mkutanoni mmoja alitamka chinichini, wengine wakaficha midomo. Mke wa marehemu alikaa kwenye mkeka amejifunika, nami nilikuwa pembeni yake.

Mkubwa mmoja akamuuliza ni nini kilichozuia bunduki kutoka.

"Mzigo," akasema.

"Mzigo gani?"

"Mfuko."

"Wa nani?"

Akatazama upande wetu, kisha akamtazama aliyemuuliza.

"Wangu."

Naapa sikupanga. Nilijikuta nimesimama. Niliona kwamba ameamua kuubeba na huo, kama alivyobeba vyote, na niliona si haki mtu kubeba mzigo wa mwingine mpaka kwenye mkutano. Nikasema, "Si wake. Ni salfa ya kaka yangu. Alimwomba amletee."

Ba' mdogo wetu alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa. Nilidhani nimemwokoa yule mtu, kwamba sasa watajua hakuwa mwoga wala hakuwa na tamaa, alikuwa anamtendea wema huyo huyo aliyekufa. Lakini mkubwa wake akashika neno jingine kabisa.

"Kwa hiyo ulikuwa unabeba mizigo ya watu juu ya silaha."

"Ndiyo."

"Na abiria. Mama huyu alikuwa amepanda."

"Ndiyo."

Basi ikaisha hapo. Kwa mzigo wake mwenyewe wangemkaripia tu. Mzigo wa watu ulikuwa kosa lililokatazwa wazi. Bunduki ikachukuliwa kabla ya adhuhuri, na pikipiki nayo. Lile bomba waliling'oa wakaliacha chini, halikuwa la serikali.

Tulipokuwa tunarudi wifi yangu aliniambia, bila kunigeukia, "Umemsimamisha marehemu mbele ya mkutano ili umtetee mwenye bunduki." Tangu hapo aliniamkia, tulipika pamoja kwenye shughuli, lakini hakunisemesha neno lisilokuwa la lazima. Na simlaumu. Nimejiweka mahali pake mara nyingi. Mumewe alikufa, halafu mbele ya watu wote ikasikika kwamba ni mfuko wake mwenyewe. Ilikuwa kweli. Lakini ukweli wangu ule ulimfaa nani? Yeye haukumfaa, Bwana Nyama haukumfaa, kaka alikuwa ameshazikwa. Wako wanaosema mtu akisema kweli hulala vizuri. Mimi silali vizuri.

Mke wa Bwana Nyama alikuja kuniaga kabla hawajahama, akitembelea fimbo. Nilitaka kumwomba radhi, sikujua kwa lipi hasa. Yeye ndiye aliyesema.

"Mama Zuhura, mimi nilipigwa kwa sababu bunduki ilikuwa wazi. Kaka yako akafa kwa sababu ilifungwa kwa ajili ya mguu wangu. Sasa niambie, ningemshauri nini mume wangu?"

Nikamwambia sijui, dada. Akasema na yeye hajui. Tukakaa.

Baada ya Bwana Nyama alikuja kijana mwingine, bunduki begani, mkanda kifuani, mwendo kasi. Hakubeba mzigo wa mtu, na baada ya yale hakuna aliyethubutu kumwomba. Naye alifika mahindi yamelala. Alipigiwa simu huku akiwa kule, vile vile. Hakumpiga mtu kwa bahati mbaya wala hakumwokoa mtu, kwa kadiri nijuavyo, kisha akahamishwa. Shamba la bondeni tumeliacha. Mikorosho ya kaka imesongwa na pori, na nguzo za dungu zilizobaki watu walizichukua kuni. Tembo wanapita pale sasa kama njia yao, na huenda ni njia yao kweli, sijui nani alitangulia.

Bwana Nyama nilimwona tena kule Mtama. Zuhura ameolewa upande ule, kijijini ndani kidogo, na nilikuwa nampelekea gunia la makopa ya muhogo. Niliposhuka kwenye basi mtu mzima mmoja alilichukua gunia langu kabla sijasema lolote, akalipandisha kwenye keria ya bodaboda, akaanza kulifunga kwa mipira. Ilikuwa kazi yake pale, kuwafungia mizigo vijana wa bodaboda. Nilitambua mikono kabla ya uso.

"Shikamoo, Bwana Nyama."

Aliacha kufunga.

"Marahaba." Akanitazama sana. "Mama Zuhura. Nyama ipi tena, mama. Hawajambo huko?"

"Hawajambo. Dada yupo?"

"Yupo nyumbani. Mguu umeanza kumsumbua tena, siku hizi hatoki." Akatafuta neno. "Na utani ameacha."

Amezeeka kuliko miaka iliyopita. Hakuniuliza habari za shamba, wala habari za wifi. Aliinama akachukua kopo la maji lililokuwa pembeni, akalimwagia lile fundo alilolifunga, maji mengi, kisha akachota mchanga kwa kiganja akausugua juu ya mpira mpaka ukaingia kwenye mikunjo. Kijana mwenye pikipiki akaguna.

"Babu naye ameanza. Oya babu, mama ana haraka!"

Hakumsikia. Alisogea kando akanielekeza ncha ya mpira iliyojitokeza.

"Vuta."

"Nivute?"

"Vuta, Mama Zuhura. Kwa mkono mmoja."

Nikavuta. Fundo lote likaachia kwa mara moja, mipira ikaanguka pande zote, gunia likateleza mpaka chini. Fundo lilikuwa limelowa, limejaa mchanga, na halikushika hata kidogo.

Alikuwa ananitazama usoni. Niliwahi kumwona akimtazama mtu hivyo, siku ile mkutanoni, kabla hajasema "wangu".

"Umeona?"

"Nimeona."

"Nimelitafuta muda mrefu hili. Halikazwi na maji wala mchanga. Ingekuwa ni hili siku ile..."

Hakumaliza. Nilijua ninachotakiwa kusema, na nilijua wengi wamemwambia kinyume chake, kwamba asingewahi kwa vyovyote, ni ajali, ni mipango ya Mungu. Hayo ndiyo maneno ya huruma. Lakini mimi nilikuwa pale, na yeye aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa pale.

"Ungewahi," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu chake. Sijui kama nilimtua au nilimmaliza. Macho yake hayakunionyesha.

"Haya, msalimie Zuhura," akasema, akaenda kwenye gunia la mtu mwingine.

Kijana aliokota langu, akalirudisha kwenye keria, akalifunga upya mwenyewe kwa kukaza mguu juu ya gunia. "Samahani mama," akaniambia chini kwa chini. "Tunampa afunge asijisikie vibaya. Fundo lake linaachia njiani, tulishamwaga mizigo ya watu. Akigeuka tunafunga tena."

Tukaondoka. Njia ilikuwa mbovu, kijana akaenda kwa fujo, na gunia halikusogea. Tulipofika Zuhura akatoka kunipokea, kijana akaanza kufungua. Alivuta, akatia kucha, akainama akauma kwa meno.

"Limejikaza hili," akasema. "Mama, hamna kisu hapo ndani?"

Zuhura akakimbilia kisu. Mimi nikaangalia pembeni.